Saba Isiyo na Kichwa

Kuna watu ambao wakikuta unywele ndani ya wali, siku hiyo hawali tena. Amiri Shaame alikuwa hivyo kwa herufi. Akiingia mkahawani kule Abu Hamour, mtaa wa Doha alikokuwa akiishi, akakuta orodha ya vyakula kwenye skrini na herufi zake zimefura kingo kama zilizolowa maji, hamu ya kula ilimtoka. Alisimama mlangoni amekunja pua huku wenye njaa wakimpita. "Biriani nzuri vile, halafu wameiandika namna hii!" alisema, na muuzaji wa kaunta, asiyejua neno la Kiswahili, alimtikisia kichwa kwa adabu.

Hakuzaliwa na ugonjwa huo. Alizaliwa Makunduchi, mama yake akishona kofia za mkono, na akaja Doha kubeba mizigo ya wageni hotelini, kazi aliyoifanya miaka minne huku amenuna. Kompyuta alijifunza katika ofisi ya nyuma ya hoteli hiyo, akaihama na kuingia kampuni ndogo iliyotengeneza skrini za matangazo za majengo na mabweni ya wafanyakazi. Fundi aliyekuwa akinyoosha herufi pale alikuwa anaondoka, wakatafuta mtu mwenye subira. Amiri subira hakuwa nayo hata ya dawa. Alichokuwa nacho ni kinyaa, na kwa kazi ile kinyaa kinafaa zaidi.

Maana kazi yenyewe ni hii. Skrini ni vinukta vimepangwa safu kwa safu, kama matundu ya kofia kabla hayajashonwa. Kinukta huwaka au huzimika, au hukaa katikati, kijivu. Herufi iliyochorwa vizuri kwenye karatasi haijui habari ya safu hizo. Ukiifanya ndogo na kuitupa tu kwenye skrini, mstari wake unaweza kuangukia katikati ya safu mbili, na kompyuta, kwa ujinga wake wa kutaka kumridhisha kila mtu, huigawa rangi huku nusu na huku nusu. Badala ya mstari mmoja mweusi unapata miwili ya kijivu, nayo ndiyo inayomfanya msomaji afikinye macho adhani anazeeka. Mtu kama Amiri hukaa na kila herufi, kwa kila ukubwa, akaiambia: mguu wako usimame hapa, tumbo lako lisipite hapa. Ni kazi ya kuchosha, na ikifanyika vizuri hakuna anayejua kwamba imefanyika.

Fundi wa kwanza alimwachia neno la Kiingereza la kupimia unyoofu wa herufi. Amiri alilitupa akatunga lake: "Toto lililolilia titi." Hakuna ukuta mgumu kama huo, alisema, vijiti vitupu vimesimama bega kwa bega, na kimoja kikisogea unywele mmoja tu, neno zima linakuwa kama uzio ulioparamiwa na mbuzi. Wafanyakazi wenzake walimcheka wakampa jina la Titi. Hakujali. Miaka sita alivinyoosha vijiti vile, na vilinyooka.

Kisha akaletwa Bradley.

Bradley alikuwa kijana wa Nairobi, mkuu mpya wa usanifu, mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzitupa herufi zote za zamani na kuleta fonti moja nyembamba kama mguu wa buibui. Amiri alipoifungua kwa mara ya kwanza alihisi chai ya asubuhi inapanda kooni.

"Mudiri, hii haina nyama," alisema. "Ukiifanya ndogo itapotea."

"Buda, hii ndiyo inaitwa class," Bradley akamjibu. "Hizo zako za zamani ni nono, zinakaa za duka ya mbolea. Wewe shughulika na herufi, zitoke clean. Namba achia kompyuta ijipange."

"Namba niziache?"

"Ziko kumi tu. Nani hawezi soma namba? Wateja wanataka mzigo Alhamisi."

Amiri alinung'unika, lakini aliziacha. Hilo alilisema mwenyewe baadaye, wala hakutafuta pa kulificha: aliziacha kwa sababu naye alikuwa na haraka, na kwa sababu moyo wake ulikuwa kwa vijiti vyake. Usiku na mchana alipigana na ile fonti ya kuchukiza hadi "lililolilia" ikasimama wima bila kuyumba. Alipofika kwenye namba alikuwa hoi, na mdomoni amebaki na yale maneno ya Bradley, kwamba ziko kumi tu.

Skrini ya kwanza ilitundikwa hapo hapo Abu Hamour, kwenye bweni la walinzi wa kampuni moja ya ulinzi. Wengi wao walikuwa Watanzania na Wakenya, na mafundi walioifunga skrini waliitundika juu ya mlango, mkabala na dirisha, mahali ambapo mtu mwenye akili asingetundika hata kalenda. Ilikuwa inaonyesha zamu na saa ya basi, lugha moja baada ya nyingine, kila moja sekunde kumi. Amiri alipelekwa kukagua. Alisimama chini yake na karatasi ya ukaguzi mkononi, akangoja ukurasa wa Kiswahili. Ulipokuja, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye "linaloelekea lindoni", akahesabu vijiti, vimesimama. Chini yake pameandikwa: Basi linaondoka 1:00. Saa moja, sawa, alijisemea moyoni, na akafurahi kidogo kwamba safari hii mfasiri amekumbuka kuigeuza saa iwe ya Kiswahili, si ile takataka ya kuandika saba kwa kuwa Mzungu anasema saba. Kiingereza kilipoingia, yeye alikuwa ameinamisha kichwa anatafuta kalamu. Akaandika: Inasomeka. Akatia saini.

Wiki tatu baadaye Bradley alimletea barua mezani. Ilitoka kwa ile kampuni ya walinzi. Mlinzi mmoja, Phoebe, Mganda wa Jinja, alikuwa amehamishwa kutoka Lusail alikokuwa akifanya zamu za mchana, akaingia bweni la Abu Hamour jioni. Kesho yake, badala ya kupanda basi la saa moja asubuhi, alitokea getini kungoja basi saa saba mchana. Lindo lake lilikaa saa sita bila mtu. Utetezi wake ulikuwa kwamba skrini ilimwambia 1:00. Kikao cha nidhamu kingekaa Jumapili, na akipatikana na hatia angefutiwa mkataba na kurudishwa kwao. Kampuni ilitaka thibitisho kutoka kwa waliotengeneza skrini kwamba herufi zake zinasomeka.

Amiri aliisoma akacheka kwa kejeli, na kicheko kikageuka hasira. Mtu kalala hadi jua la utosi, halafu anasingizia herufi zake! Maishani hakuna kilichomchukiza kuliko mvivu mwenye kisingizio, na huyu kisingizio chake kilikuwa ni yeye Amiri. Tena walinzi kumi na wawili wa bweni lile lile walikuwa wameulizwa mmoja mmoja, wote wakasema skrini ilionyesha saa moja, na mkalimani wa ofisi akaandika kwa Kiingereza: saba kamili asubuhi. Mkalimani alifanya kazi yake vizuri kabisa, na hapo ndipo kisa kilipoharibika.

"Nimeshaandika barua, weka sahihi tu," Bradley alisema. "Na Jumapili tutaenda wote."

"Nitatia. Lakini kwanza nataka nikaipige picha, nimuaibishe vizuri."

Ijumaa, baada ya kutoka msikitini, alikwenda bwenini. Sebuleni alimkuta Warda, mlinzi kutoka Mkunazini, Unguja, ambaye walikuwa wakisalimiana kama watu wa nyumba moja. Warda alikuwa mmoja wa wale mashahidi kumi na wawili. Ilikuwa siku yake moja ya mapumziko kwa wiki, naye alikuwa anakunywa chai.

"Kaka Amiri, ndo umekuja kutazama kioo chako?"

"Nimekuja kwa ajili ya yule mvivu wenu. Ati kasoma nini?"

"Maskini, mie hata simuelewi. Anaapa ilikuwa moja. Na mie n'kamwambia, ndio, saa moja, sote tumeona saa moja. Akazidi kulia."

Amiri alikuwa ameshaitoa simu kupiga picha. Aliishusha.

"Ilikuwa imeandikwaje, Warda?"

"Si saa moja."

"Niandikie. Vile vile ulivyoiona."

Warda alimtazama kama anayemwona mtu amepandwa na shetani. Akachovya kidole kwenye chai, akaandika juu ya meza: moja, vinukta viwili, sifuri mbili. "Saa moja," akasema tena. "Ya asubuhi. Kwani kuna mtu asiyejua kusoma saa?"

Amiri alivuta kiti mpaka mlangoni akapanda juu yake, na pua yake ikawa karibu kugusa skrini. Ukurasa wa Kiingereza uliingia. Akaitazama ile namba kutoka umbali wa kiganja kimoja, na hapo akaona. Ilikuwa ni saba. Kwenye faili ilikuwa saba, mfasiri aliandika saba ile ile kwa lugha zote bila kugeuza kitu. Lakini ule mstari wa juu wa saba, kichwa chake, uliangukia katikati ya safu mbili za vinukta, ukagawanywa huku na huku ukawa kijivu hafifu cha kufutika kwa pumzi. Ukisogea hatua tatu nyuma, na mwanga wa dirisha ukiipiga skrini, kichwa hakipo. Kinabaki mguu, nao katika fonti ile ya Bradley ulikuwa wima karibu kabisa, na pale kwenye kona kijipande kidogo cheusi kikining'inia kama mdomo wa ndege. Mtu yeyote mwenye macho angeapa kuwa ni moja.

Na wote walikuwa wameiona moja. Waswahili wakasema saa moja, wakapanda basi saa moja, maana kwao moja ya asubuhi ndiyo saa jua linapochomoza vizuri. Kosa la mfasiri na kosa la herufi yalikutana njiani yakazikana, na hakuna aliyesikia harufu. Wenyeji wengine hawakuitazama kabisa, walilijua basi kwa mazoea. Phoebe peke yake, mgeni wa jana yake, aliyezoea zamu za mchana, ndiye aliyeisoma skrini kwa Kiingereza kama ilivyoonekana. Penye wengi hapaharibiki neno, husema wahenga, lakini hapa wengi ndio waliomzika mtu, tena kwa kusema kweli tupu.

Amiri alishuka kitini. Hakuchukizwa na namba, namba haina makosa. Alijichukia yeye. Miaka sita anawakunjia watu pua kwa herufi za biriani, na siku aliyopelekwa kutazama kitu kimoja, alisoma lugha ya mama yake na hakuisoma skrini. Nyani haoni kundule.

"Yuko wapi Phoebe?" akauliza.

"Kanisani, Mesaimeer. Leo Ijumaa, huku ndo siku yao ya ibada."

Alimsubiri nje ya lango kuu la kanisa, katikati ya watu waliokuwa wanatoka ibada na vyombo vya chakula, wanaagana kwa lugha kumi. Hakumjua sura, akamtambua kwa maelezo ya Warda: mrefu, gauni la bluu, anatembea haraka kama anayechelewa. Alipojitambulisha, Phoebe alisimama ghafla akamwonyesha simu yake kabla hata hajaulizwa. Ilikuwa picha ya ile skrini.

"Mimi nasoma Kiingereza," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Kwetu pia saa moja ni asubuhi. Lakini kwa Kiingereza moja ni mchana tu. Mimi si mujinga. Mimi si muvivu. Miaka saba hapa, sijachelewa hata siku moja. Sasa watu kumi na mbili wanasema mimi naongopa. Hata Warda."

"Huongopi," Amiri alisema. "Ile namba ina kasoro."

"Kasoro gani? Nani alikosa?"

Swali lilikuwa jepesi kuliko yote aliyowahi kuulizwa. Ulimi wake ukateleza kutafuta pa kujificha.

"Kompyuta," alisema. "Ni kosa la kompyuta tu. Nitawaeleza."

Phoebe alimshukuru, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Amiri aliuondoa mkono wake upesi, kwa sababu shukrani ile ilimtia kinyaa kuliko fonti yoyote aliyowahi kuiona.

Jumamosi alimweleza Bradley kila kitu. Bradley alisikiliza, akauma kucha, akakaa kwenye kompyuta, na kabla ya saa sita mchana namba zote za skrini zote zilikuwa zimebadilishwa, nono na nyeusi, zile zile za duka la mbolea. Amiri alidhani hiyo ni kazi njema mpaka alipoelewa kwamba Bradley alikuwa anafuta nyayo.

"Kesho skrini itakuwa inasoma seven safi," Bradley alisema. "Picha ya simu haiprove kitu, kila mtu anajua simu ikipiga skrini inatoka vibaya. Wewe sema uliona seven. File inasema seven. Ni nani alikuwa kwa kichwa yako?"

"Na yule mwanamke?"

"Ataenda nyumbani apumzike, manze. Wewe na mimi tukifukuzwa hapa tutaenda wapi? Karatasi iko na jina lako, si langu."

Hilo lilikuwa kweli, na Bradley alilisema kwa upole kabisa, kama anayemfunga mtu kifungo cha shati. Amiri alitoka bila kuaga. Alitembea mpaka nyumbani kwenye joto lile, fulana imemganda mgongoni, akitema mate kila baada ya hatua chache kama mwanamke mwenye mimba changa.

Jumapili kikao kilikaa katika chumba kidogo chenye baridi ya kugandisha. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Kisudani, mtaratibu, mwenye faili nene. Alisoma ushahidi wa walinzi kumi na wawili: saba, saba, saba, mpaka wa mwisho. Aliitazama picha ya Phoebe kwenye simu, akaigeuza huku na huku, akairudisha. Akasema ametuma mtu asubuhi ile kuitazama skrini, na mtu wake ameona saba iliyo wazi kabisa. Phoebe aliinua kichwa akamtazama Amiri, anangoja ile habari ya kompyuta.

Amiri aliieleza. Alieleza safu za vinukta, kichwa cha saba, mwanga wa dirisha. Alieleza kwamba kwa Kiswahili mtu akisema ameona saa moja, huenda ameona moja. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akazipapasa ndevu zake.

"Unayoyasema yanawezekana," alisema. "Lakini skrini niliyonayo inaonyesha saba, na watu hawa mkalimani amewaandika saba. Nikiwaita tena leo watasema chochote kumwokoa mwenzao. Mimi nina karatasi moja tu iliyoandikwa kabla ya shauri hili." Akaitoa ile karatasi ya ukaguzi. "Hii saini ni yako? Siku uliyotia, wewe mwenyewe uliona namba gani?"

Chini ya meza Bradley alimkanyaga mguu, si kwa nguvu. Amiri aliiona njia yote iliyonyooka mbele yake: angesema saba, na faili ingemtetea, na hakuna kiumbe ambaye angemkuta na uongo mpaka siku ya kufufuliwa. Alihisi lile donge la kichefuchefu likimpanda, akajua kwamba akilimeza safari hii litakaa naye maisha.

Aliomba kalamu. Juu ya ile karatasi, pembeni ya neno Inasomeka, aliandika kwa mkono mzito, moja yenye mdomo juu na wayo chini ili asitokee mtu wa kuikosea: 1:00.

"Uliona moja," mwenyekiti alisema, "na ukatia saini kwamba inasomeka?"

"Ndiyo. Niliisoma kama kwetu, nikaona iko sawa. Sikuitazama."

Bradley aliusogeza mguu wake mbali. Mwenyekiti alichora mstari juu ya shtaka la Phoebe, akasema arudi kazini kesho, na akamwambia Amiri kwamba barua itapelekwa kwa waajiri wake. Watu wakaanza kuinuka.

Phoebe hakuinuka. Aliivuta ile karatasi ya ukaguzi, akaitazama tarehe iliyokuwa chini ya saini, kisha ile namba, kisha uso wa Amiri.

"Kumbe uliiona," akasema polepole. "Mimi nilikuuliza Ijumaa, nani alikosa. Ukaniambia kompyuta."

"Niliiona," Amiri akajibu.

Phoebe aliirudisha karatasi mezani, akaifuta mikono yake kwenye sketi, akatoka.